Kantata Katika Chumba cha Pamba

Eufrasia alimwona kabla hajafika. Alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi, akijifanya anafagia uwanja ambao shangazi yake, Sengi Benedikta, alikuwa ameshaufagia tangu asubuhi. Macho yake yalikuwa kwenye njia itokayo Bariadi mjini. Fredrick alikuwa anaisukuma baiskeli badala ya kuipanda, na kwenye keria alikuwa amefunga redio kaseti kwa vipande vya mpira, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai.

"Kaja," alisema Eufrasia bila kugeuka.

"Najua," Sengi Benedikta alijibu kutoka jikoni. "Ufagio wako umesimama."

Fredrick hakuwa amekanyaga uwanja huo kwa miaka miwili. Mara ya mwisho alikuja kuomba uchumba. Baba yake Eufrasia, Mzee Januarius, katekista wa kigango cha Kikatoliki, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba binti yake hataolewa na Mlutheri. Awe Mkatoliki kwanza, ndipo arudi. Siku ileile Fredrick, kwa hasira ya kijana aliyeumizwa, alimwambia Eufrasia kwamba mke ndiye humfuata mume, kwa hiyo ahame yeye. Eufrasia alimjibu kwamba yeye si gunia la kuhamishwa kutoka ghala moja kwenda jingine. Waliachana pale pale njiani, kila mmoja akisubiri mwenzake ageuke nyuma, na hakuna aliyegeuka.

Fredrick alikwenda kusomea muziki wa kanisa. Aliporudi akapata kazi ya ufundi wa mashine kwenye kinu kipya cha kuchambua pamba, kimojawapo cha vile vilivyofunguliwa baada ya wanunuzi binafsi kuruhusiwa. Jioni alifundisha kwaya ya Walutheri mjini. Eufrasia alikuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka la Mwanne, akishona sare za harusi na kupunguza magauni ya mitumba. Walionana karibu kila siku, wakasalimiana kama watu waliowahi kukaa mtaa mmoja.

Mpaka mwezi uliopita, Fredrick alipopanda baraza lile na karatasi mkononi.

"Mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza amekwenda kwao Nyalikungu kujifungua," alisema. "Tuna kantata ya sikukuu ya mavuno. Nimeitafsiri mwenyewe, nikaiandika kwa nota za do, re, mi. Bariadi nzima sina mwingine wa kuifikia nota ile ya juu."

Eufrasia aliendelea kukanyaga cherehani. "Umekuja kutafuta sauti, au umekuja kunitafuta mimi?"

"Nimeanza na sauti," alisema Fredrick.

Cherehani ilisimama. Mwanne, ambaye habari za Luther na za Papa hazikumhusu, alijifanya anahesabu sabuni.

Tangu hapo walifanya mazoezi barazani pale mchana, duka linapopoa. Fredrick alimweleza kwamba kantata ni wimbo mrefu wa ibada, wenye vipande vingi kama ngazi, na kwamba hii ilitungwa na mpiga kinanda mmoja wa Ujerumani zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Mtunzi alichukua utenzi mmoja wa Kilutheri, ule ule unaoimbwa na waumini wa kawaida Jumapili, akaujengea nyumba kubwa kuuzunguka. Kipande cha Eufrasia kilikuwa cha watu wawili. Yeye alikuwa Roho ya mwanadamu inayouliza. Fredrick, kwa sauti yake ya besi, alikuwa Bwana anayejibu.

Eufrasia alipomwambia baba yake, Mzee Januarius hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu: "Kisitoke kinywani mwa binti wa katekista kitu ambacho katekista hajakisikia. Mwambie aje Jumamosi."

Na sasa ilikuwa Jumamosi.

"Shikamoo, mzee," alisema Fredrick, akiinama.

"Marahaba. Karibu." Mzee Januarius alikuwa ametoka na shati lake la kanisani, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. "Hicho ndicho kinachoimba?"

"Ndiyo, mzee. Kaseti nilipewa chuoni. Nilitaka usikie inavyoimbwa huko ilikotoka."

Sengi Benedikta alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga, akamsalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, Fredi."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu. Umekonda. Huko kwenye kinu hawakulishi?"

"Benedikta," alisema Mzee Januarius, "mgeni amekuja kwa shughuli."

Alitaka waingie ndani. Hakusema sababu, lakini Eufrasia aliijua: majirani wote walikuwa wanafunzi wake wa mafundisho ya dini, na hakutaka nyumba ya katekista isikike ikipiga nyimbo za Kilutheri uwanjani. Tatizo lilikuwa kwamba sebule haikuwa na nafasi. Pamba ya msimu ilikuwa imejazwa humo ikisubiri gari la mnunuzi, nyeupe kutoka sakafuni hadi karibu na dirisha, na viti vilikuwa vimesukumwa pembeni vikabaki na upenyo wa kupitisha magoti tu. Mzee alikaa kwenye kiti kimoja, Sengi kwenye kingine. Vijana wakasimama, pamba ikiwafika kiunoni.

Fredrick alibonyeza redio.

Kwanza zilikuja zeze za Kizungu, nyingi, zikikimbia kama maji ya mvua ya kwanza kwenye mtaro. Kisha kwaya ikaingia juu yake, sauti ya kwanza ikishika nota ndefu, tulivu, huku sauti nyingine zikipishana chini. Mzee Januarius aliinamisha kichwa. Baada ya muda aliinua kidole.

"Huu wimbo naujua."

"Ndiyo, mzee?"

"Huo wa juu, unaokwenda polepole. Tunao kitabuni kwetu. Tunauimba baada ya komunyo."

"Mnao, mzee. Maneno tu ndiyo yanatofautiana."

"Nani alimwibia mwenzake?"

Fredrick alitafakari. Eufrasia aliomba moyoni asijibu kitu cha kijinga.

"Nafikiri aliyeupenda aliuchukua, mzee."

Sengi Benedikta alikohoa kidogo. Mzee hakucheka, lakini alilegeza kifungo cha shingoni.

Kipande cha watu wawili kilipokaribia, redio ikaanza kuvuta. Mwanamke aliyekuwa anaimba akashuka, akashuka, mpaka akawa analia kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Fredrick aliruka kuizima. Mkanda ulikuwa umeliwa, umejizungusha ndani kama utumbo wa kuku, na kadiri alivyouvuta ndivyo ulivyozidi kutoka. Uso wake ulibadilika rangi. Eufrasia aliona mikono ile, iliyozoea kufungua mashine kubwa na kuzirudisha, ikihangaika na kidude cha plastiki. Akamhurumia.

"Mzee, naomba unisamehe. Naweza kurudi siku nyingine na..."

"Sikukuu yenu ni lini?"

"Kesho, mzee."

"Basi siku nyingine ni ipi?" Mzee Januarius aliegemea kiti. "Si mmejifunza? Imbeni wenyewe. Lakini kwanza nisomee maneno."

Fredrick alisoma. Roho inauliza itakaa wapi mavuno yakiisha na ghala likibaki tupu. Bwana anajibu: kaa kwangu. Roho inauliza kama ataichoka. Bwana anajibu: sikuchoka kukungoja, nitachokaje kuwa nawe. Alisoma kwa sauti ya mwalimu, haraka kidogo, macho kwenye karatasi. Eufrasia naye aliangalia pamba.

"Hakuna ubaya hapo," alisema mzee. "Ni maneno mazuri. Hiyo Roho ni ya Kilutheri au ya Kikatoliki?"

"Haikuandikwa, mzee."

"Imbeni."

Sengi Benedikta aliinuka akasukuma dirisha likafunguka. Mzee alimtazama. "Pamba inaninyima pumzi," alisema Sengi, akakaa.

Eufrasia alikuwa amepanga kuangalia boriti za dari mpaka mwisho. Lakini wimbo ule ulikuwa na hila yake. Hapakuwa na kinanda cha kuwashika mkono. Ili waingie pamoja ilibidi kila mmoja amwangalie mwenzake anavyovuta pumzi, na pumzi ya mtu huwezi kuiona bila kumwona mwenyewe. Akashusha macho kutoka kwenye boriti. Fredrick alikuwa anamngoja.

Akaanza. Sauti yake ilipanda laini, na pamba ikailainisha zaidi, ikaondoa ukali wote, ikawa kama mtu anazungumza na mto wake. Nitakaa wapi? Fredrick akajibu kutoka chini, taratibu, sauti nene isiyo na haraka. Kaa kwangu. Akauliza tena, juu zaidi. Barazani kwa Mwanne waliimba hivi mara nyingi, pikipiki zikipita na wateja wakiuliza bei ya khanga. Hawakuwahi kuimba pakiwa kimya namna hii. Alimwona alivyo: kovu dogo juu ya nyusi lililoachwa na mkanda wa mashine, kola iliyopigwa pasi upande mmoja vizuri kuliko wa pili, macho ambayo miaka miwili yalikuwa yanampita pembeni na sasa yamesimama mahali pamoja.

Aliuliza swali lake la mwisho. Je, utanichoka?

Jibu halikuja.

Fredrick alikuwa amesimama mdomo wazi kidogo, karatasi imelegea mkononi, anamtazama.

Mzee Januarius akageuza kichwa. "Mbona Bwana hakujibu?"

Sengi Benedikta akajifunika uso kwa khanga, mabega yakimcheza. Eufrasia aliuma mdomo kwa nguvu, lakini kicheko kilimponyoka puani, na Fredrick naye akacheka, akainamisha kichwa kwa aibu.

"Samahani, mzee. Nimepotea mstari."

"Nimeona ulipopotelea. Rudieni."

Walirudia. Safari hii hakupotea. Walipofika mwisho, pale ambapo hakuna tena swali wala jibu na sauti mbili zinakwenda pamoja, moja ikipanda nyingine ikishuka kisha zikikutana, Eufrasia hakuwa anafikiria nota. Alishika ile ya juu kabisa kana kwamba mtu amemwekea mkononi.

Wimbo uliisha. Nje mbuzi alilia mara moja. Mzee Januarius alikuwa ameweka kiganja juu ya macho, na alikiacha hapo muda mrefu.

"Huyu anayejibu ni nani?" aliuliza hatimaye.

"Ni Bwana, mzee," alisema Fredrick.

"Kwenye karatasi ni Bwana. Mimi nina masikio." Alishusha mkono. "Hamkuja kuomba ruhusa ya wimbo, ninyi."

Fredrick alifungua mdomo, lakini Eufrasia alimtangulia.

"Ya wimbo tumekuja kuiomba, baba. Hiyo nyingine nilikuwa natafuta siku ya kuiomba mwenyewe. Kama ni leo, basi iwe leo. Kesho ukinikataza kuimba, sitaimba. Nitakaa nyumbani. Lakini sitaolewa na mtu mwingine. Nimejaribu kumsahau na nimeshindwa, na wewe umeniona ninavyoshindwa."

"Eufrasia."

"Kijana Marcelo wa kigango chetu alipotaka kuoa msichana wa Kilutheri, nani alikwenda kwa padre kumwombea ruhusa ya askofu? Ni wewe. Ukawafundisha wote wawili hapa hapa nyumbani, na kila mmoja akabaki kwenye kanisa lake. Watoto wa watu unawaombea. Mimi unanikatalia."

"Marcelo si mwanangu!" Sauti ya mzee ilipanda, ikashangaza hata yeye mwenyewe. Akaishusha. "Marcelo si mwanangu. Marcelo ana mama yake, ana ndugu zake, wanakwenda misa benchi zima. Mimi tangu mama yako afariki, nani ananisubiri mlangoni Jumapili? Ni wewe. Unanishikia kitabu, tunatembea. Kama unakwenda huko kwao, mimi kanisani nitakwenda na nani?"

Eufrasia alikuwa amejiandaa kwa mambo ya sakramenti, kwa mambo ya aibu mbele ya wazee wa kigango. Kwa hili hakujiandaa. Miaka yote miwili alidhani anapigana na kanisa zima la Kirumi, kumbe alikuwa anapigana na mzee mmoja anayeogopa kutembea peke yake njiani Jumapili asubuhi.

Alipita katikati ya pamba, nyuzi zikimng'ang'ania sketi, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Baba. Mimi nitakuwa Mkatoliki mpaka nife. Nitakuja kukuchukua mlangoni."

"Utatokea wapi? Kinu kiko mjini."

"Mzee," alisema Fredrick, "njia ya kanisa letu na ya kanisa lenu ni moja mpaka kwenye makutano. Nitamleta kwa baiskeli mpaka hapa. Mtakwenda pamoja, mimi nitapinda kwenda kwetu." Alimeza mate. "Mara ile nilikosea. Nilimwambia Eufrasia anifuate, kama vile hapa alipo hana kitu cha kuacha. Nilikuwa nimeumia nikataka na yeye aumie. Eufra, nisamehe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu waachane. Eufrasia hakugeuka, kwa sababu machozi yalikuwa yameshatangulia, lakini aliitikia kwa kichwa, naye Fredrick akaona.

"Na watoto?" aliuliza mzee. "Watabatizwa wapi? Padre atawauliza hilo la kwanza."

"Sijui, mzee."

"Hujui?"

"Tutakaa na padre na mchungaji wetu, tuongee. Nikikuambia sasa hivi kwamba najua, nitakuwa nasema ili unikubalie tu."

Mzee Januarius alimtazama. Vijana wengi walikuwa wamepita kwenye mafundisho yake, na wengi walimpa jibu alilotaka kulisikia, kisha baada ya cheti cha ndoa hawakuonekana tena kanisani.

"Benedikta, wewe unasemaje?"

"Mimi?" Sengi alikuwa ameshamaliza kufuta macho. "Mimi nimefungua dirisha. Nje huko watu wamesimama kwenye minyaa tangu wimbo wa kwanza. Unachoficha ni nini tena?"

Mzee aligeuka kuangalia. Kweli, juu ya ua wa minyaa vichwa viwili vitatu vilizama haraka. Eufrasia alitegemea hasira. Badala yake baba yake alifanya sauti fulani kooni, na ilimchukua muda kuelewa kwamba anacheka.

"Kesho," alisema, "nitakwenda misa ya kwanza, na wewe utakwenda na mimi kama kawaida. Baada ya hapo utakwenda kuimba. Nami nitakuja nisikilize. Nitakaa nyuma, wasiniletee kiti cha mbele." Akamnyooshea Fredrick kidole. "Halafu umwambie mama yako na wazee wenu waje, gari likishachukua pamba hii. Siwezi kuwapokea wakwe wamezama mpaka kiunoni. Na kabla ya hapo mimi nitakuwa nimeonana na padre. Barua ya askofu inachukua muda, si kitu cha kuharakisha. Mtangoja?"

"Tutangoja, baba," alisema Fredrick, na neno hilo *baba* lilimtoka kabla hajalipima.

Mzee alilisikia. Hakulisahihisha. "Wabeja," alishukuru tu, akainuka kwenda kutafuta kofia yake, ingawa hakuwa na safari.

Sengi Benedikta aliwapa uji wa mtama na karanga, akamlazimisha Fredrick amalize kikombe cha pili. Jua lilipoanza kulegea, Eufrasia akamsindikiza.

Hapo zamani, walipokuwa wanasindikizana, walikuwa na kanuni yao. Wakiona mtu anakuja, Eufrasia alibaki nyuma akijifanya anatoa mwiba mguuni, naye Fredrick akaongeza mwendo. Leo walitembea baiskeli ikiwa katikati yao, mkono mmoja wa Eufrasia ukiwa kwenye tandiko na mkono wa Fredrick ukiwa pale pale, vidole vikigusana kila gurudumu lilipoingia kwenye shimo. Mashamba pande zote yalikuwa yameshavunwa, mabua yamesimama makavu na vipande vya pamba vilivyosahauliwa vikipeperuka.

"Nilipotea mstari kweli," alisema Fredrick. "Sikuwa natania."

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa naangalia tu. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo anavyoonekana akiwa karibu." Akatabasamu kwa aibu. "Kesho kwaya nzima itakuwa nyuma yetu. Nikipotea tena itakuwaje?"

"Nitauliza mara ya pili," alisema Eufrasia. "Nitaendelea kuuliza mpaka ujibu."

Fredrick alisimamisha baiskeli. Alimtazama kwa yale macho ya mle chumbani, na Eufrasia akahisi joto likimpanda kutoka shingoni. Angeweza kusimama hapo mpaka giza liingie.

Mbele yao, kwenye mpindo wa njia, walisikia kengele za ng'ombe. Mzee Thomasi, mwenyekiti wa wazee wa kigango na mtu mwenye mdomo mrefu kuliko wote upande ule wa Bariadi, alikuwa anarudisha mifugo kutoka kwenye lambo. Zamani Eufrasia angeshainama kutafuta mwiba. Fredrick mwenyewe, kwa mazoea, aliondoa mkono kwenye tandiko akapiga hatua mbili mbele.

Eufrasia akaushika mkono ule, akaurudisha.

"Mwadila, baba Thomasi," alisema.

"Mwadila, binti yangu. Mhola?" Mzee alisimama katikati ya ng'ombe zake, macho yakitoka usoni kwake hadi kwenye mikono, kutoka kwenye mikono hadi kwenye redio iliyofungwa nyuma. "Na huyu mgeni wako ni nani?"

"Si mgeni," alisema Eufrasia. "Ni mchumba wangu."